Nani Alinunua Koti?

Ndugu msomaji, kijana wa mtaani akipata nafasi ya kusoma ng'ambo, watu huuliza maswali matatu. La kwanza, chuo gani? La pili, nchi gani? La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, mhusika akishapita: eti, nani anamlipia? Leo naomba tulishike hilo la tatu, tena tulivute mpaka mwisho wake. Maana historia yetu imelijibu nusu tu. Imetutajia nani alilipa ndege. Nani alinunua koti, imenyamaza.

Nasema koti kwa sababu mimi ni mtu wa vitu vidogo. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nafanya kibarua katika duka la steshenari hapa Dar es Salaam. Napiga chapa, natoa fotokopi, nabana stepla, na usiku naendelea na riwaya yangu ambayo imefika sura ya saba na haitaki kusogea. Kwenye steshenari huja vijana wenzangu na fomu za kuomba ufadhili. Nimewajazia nyingi. Sehemu ya jina ni rahisi, ya shule ni rahisi, na ile ya malengo ya baadaye hata mimi huwasaidia kuipamba. Lakini kuna ukurasa mmoja ambao kila anayeufikia hunyamaza na kutazama barabarani. Ni ule unaotaka kujua nani atalipia chakula, chumba, nguo na matibabu kwa muda wote wa masomo. Hapo ndipo nimeziona ndoto nyingi zikikunjwa na kurudishwa kwenye bahasha ya kaki.

Nikajiuliza, waliotutangulia walivukaje hapo? Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyaokota.

NDEGE YA WATU 81

Mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado koloni, na Tanganyika yetu ilikuwa ikitawaliwa na huyohuyo Mwingereza kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Kwa kijana Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyetaka shahada, tegemeo lilikuwa Makerere, kule Kampala, na nafasi zake zilikuwa za kuhesabu. Aliyetaka kwenda mbali zaidi alitazama Uingereza, tena kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, ambao waliupata wale waliochujwa wakachujika. Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wao: alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na shahada yake ya M.A. Lakini kwa kila mmoja aliyepita kwenye tundu hilo la sindano, wangapi walibaki nje?

Ndipo anapoingia Tom Mboya. Wengi tunamjua kama mwanasiasa aliyepigwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mwaka 1959 alikuwa kijana wa miaka 28, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya. Shahada hakuwa nayo. Alisomea ubwana afya, kisha akapata mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955 hadi 1956. Yaani alikuwa anajua kwa mwili wake maana ya kuwa na akili na kukosa karo.

Mapema mwaka huo alizunguka Marekani kwa wiki kadhaa akihutubia. Kila alipokwenda aliomba kitu kimoja: nafasi za masomo kwa vijana wa nyumbani. Vyuo vingi vikakubali. Furaha iliyoje! Lakini nafasi ni karatasi, na Nairobi mpaka New York si mwendo wa kwa miguu. Nauli ya mtu mmoja mmoja ilikuwa mzigo ambao familia nyingi zisingeweza kuunyanyua hata zikiuza ng'ombe wote.

Mboya na marafiki zake, akiwemo mfanyabiashara Mmarekani William X. Scheinman, wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Hesabu yao ilikuwa ya kawaida kabisa, hata dalali wa stendi angeielewa: badala ya kukata tiketi moja moja, kodi ndege nzima, ijaze, na gharama ya kila kichwa itashuka. Fedha za kukodi ndege wakaziomba kwa barua. Barua hiyo ilitiwa saini na watu watatu ambao Marekani nzima iliwajua: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, yule aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu ya mchezo huo mwaka 1947. Watu wapatao 8,000 wakachanga. Tafakari hapo kidogo. Hao 8,000 hawakuwa matajiri wote. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga Afrika na hawakujua Kenya iko upande gani wa ramani. Wakatoa walichonacho. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii ilijaza ndege.

Septemba 1959 vijana 81 wakapaa kutoka Nairobi. Wasichana nao walikuwemo.

KENNEDY, NIXON NA DOLA 100,000

Mwaka uliofuata walioomba wakawa wengi zaidi, na mfuko ukawa mtupu. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa kusaidia, ikakataa. Wakubwa wa Uingereza hawakuufurahia mpango huu. Walisema vyuo vya Kimarekani ni vya hadhi ya chini na kwamba wengi wa vijana hao hawafai. Mimi nikisoma maneno hayo nacheka peke yangu, kwa sababu kila zama ina mtu wa kusema kwamba mlango uliofunguka si mlango halisi.

Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port, nyumbani kwa Seneta John F. Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa anagombea urais dhidi ya Makamu wa Rais Richard Nixon. Akaeleza shida yake. Taasisi ya familia ya Kennedy, ambayo kazi yake ya kawaida ilikuwa kuwahudumia watoto wenye ulemavu wa akili, ikakubali kutoa dola 100,000. Habari zilipofika upande wa Nixon, ile wizara iliyokuwa imekataa ikageuka ghafla na kusema nayo inatoa dola 100,000! Fedha za Kennedy ndizo zilizopokelewa. Mwezi Agosti jambo hilo likazua mabishano ndani ya Seneti, seneta mmoja wa chama cha Nixon akidai kwamba Kennedy anatumia mali ya familia yake kujipatia umaarufu.

Kura za Wamarekani weusi zilikuwa zinatafutwa, na Vita Baridi ilikuwa imepamba moto. Tusijidanganye kwamba kila mkono uliotoa ulitoa kwa ajili ya Mungu tu. Lakini pia tusidharau kilichotoka humo. Mwaka 1960 walisafiri zaidi ya 250, na safari hii hawakuwa wa Kenya peke yake: walikuwemo wa Uganda, wa Tanganyika na wa nchi za kusini yetu. Kufika mwaka 1963 waliosaidiwa na mpango huo walikaribia 800.

Hapa lazima niweke sawa jambo moja ambalo hata vijiweni husemwa kimakosa. Baba yake Barack Obama hakupanda ile ndege ya 1959. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa njia yake mwenyewe, akisaidiwa na akina mama wa Kimarekani aliokutana nao Nairobi katika kazi ya kisomo cha watu wazima. Nalitaja kwa sababu linatufundisha kitu: nyuma ya mipango mikubwa yenye majina, kulikuwa pia na watu wa kawaida waliofungua pochi zao.

BILI TATU

Sasa tuje kwenye koti.

Nimegundua kwamba msomi wa ng'ambo ana bili tatu. Ya kwanza ni nauli. Ya pili ni karo. Ya tatu ni kujikimu, yaani kula, kulala, kuvaa, kuugua na kupona. Nauli hulipwa mara moja, na watu hupiga picha. Karo hulipwa kwa muhula, na chuo hutoa risiti. Kujikimu hulipwa kila siku inayokucha, hakuna mpiga picha, na ndiko wengi wanakodondokea.

Mpango wa ndege ulitatua nauli. Vyuo vilisamehe karo, vingine yote, vingine sehemu. Bili ya tatu je? Nyumbani familia zilifanya harambee na karamu za chai za kuchangisha, na ng'ombe waliuzwa. Huko Marekani vijana walioshe vyombo, wapange vitabu maktaba, wakate majani kwenye bustani za watu. Waswahili tuna msemo wetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mwanafunzi lilikuwa ufagio wa bwalo la chuo.

Hapakuwa na ubaya katika kazi. Ubaya ulikuwa pale kazi ilipokosekana, au pale mwezi wa likizo ulipoingia mabweni yakafungwa. Nauliza wewe msomaji, chuo kikifungwa wiki mbili za Krismasi, na nje kuna theluji, na kwenu ni Kisii au Moshi, unakwenda wapi? Jibu la wengi lilikuwa nyumba ya mtu. Familia za wenyeji, makanisa, wanafunzi wenzao waliowachukua makwao. Hao ndio walionunua koti. Majina yao hayamo kwenye hotuba za Seneti.

Baadaye wakubwa wenyewe waliona kwamba bili tatu haziwezi kuachiwa bahati. Mwaka 1960 vyuo vikuu vya Marekani vilianza mpango mwingine wa pamoja, wakianza na wanafunzi wa Nigeria, na mwaka uliofuata wakaupanua kwa nchi nyingine za Afrika. Nauona mpango huo kama somo zuri kuliko yote, kwa sababu uligawa mzigo waziwazi: chuo kisamehe karo, serikali ya Marekani ilipe kujikimu, na serikali ya nchi anakotoka mwanafunzi ilipe nauli. Kila bili na mwenyewe. Mwanafunzi akiwa darasani, afikirie darasa.

Na kwetu hapa je? Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu alikuja kusema baadaye, tulikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Chuo chetu kikuu kilikuwa na wiki chache tu tangu kufunguliwa, Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Kwa hiyo kila kijana aliyekuwa ng'ambo wakati ule akihesabu senti za mkate alikuwa anahesabu kwa niaba ya nchi nzima. Akishindwa kwa njaa na baridi, nchi imepungukiwa daktari.

MSICHANA WA NYERI HUKO KANSAS

Mfano ninaoupenda ni wa Wangari Maathai, kwa sababu mwenyewe ameuandika katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006. Mwaka 1960, akiwa msichana wa miaka 20 kutoka Nyeri, alisafiri kwa mpango huu. Alipangiwa chuo cha Mount St. Scholastica, mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, kilichoendeshwa na masista Wabenediktini.

Kutoka New York mpaka Kansas walipanda basi. Njiani, jimbo la Indiana, waliingia mkahawani wanywe kitu baridi. Wakaambiwa wanaweza kununua, lakini kukaa ndani hawawezi, wakanywee nje. Tazama maajabu hayo: mtu amevuka bahari kwa fedha zilizochangwa na Wamarekani, na Mmarekani mwingine anamnyima kiti. Hii ni gharama ambayo hakuna fomu inayoiuliza, na hakuna mfuko unaoirudisha.

Lakini huko Atchison masista walimpokea kama mtoto. Alisoma biolojia. Wakati wa likizo alifanya kazi katika maabara ya hospitali mjini Kansas City, akajifunza kuandaa vipande vya tishu kwa ajili ya darubini. Alimaliza shahada ya kwanza mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili, na aliporudi Nairobi ujuzi ule wa maabara ukamfaa kazini chuo kikuu. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari. Mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobeli ya Amani kwa kazi ya kupanda miti na kutetea haki.

Watu husema, Kennedy alimpeleka. Sawa. Lakini Kennedy hakumpa kitanda wala hakumwonyesha maabara. Hiyo ilikuwa kazi ya masista na ya watu wa hospitali.

NJIA YA KAIRO

Isije ikaonekana dunia nzima ilikuwa Marekani. Jaramogi Oginga Odinga aliwafungulia vijana wengine mlango wa upande wa pili. Wengi wao walipita kinyemela Uganda, wakaingia Sudani, wakapanda mpaka Kairo, na kutoka huko wakasambaa Moscow, Prague, Berlin ya Mashariki na kwingineko. Nyingine ilikuwa safari ya malori na ya miguu kabla ya ndege.

Huko Moscow, mwaka 1960, Wasovieti walifungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, na mwaka 1961 wakakipa jina la Patrice Lumumba aliyekuwa ameuawa Kongo. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2023. Kwa upande wa bili, Wasovieti hawakuacha pengo: masomo bure, bweni, posho ya kila mwezi, mwaka mzima wa kujifunza Kirusi kabla ya darasa lenyewe, na, ndugu yangu, nguo za baridi. Moscow dola ndiyo iliyonunua koti.

Je, koti la dola lilitosha? Tarehe 18 Desemba 1963 mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana mpaka Uwanja Mwekundu, baada ya mwenzao wa Ghana kukutwa amekufa nje ya mji. Wao waliamini ameuawa. Serikali ikasema ni baridi na pombe. Mabango yao yalilalamikia ubaguzi. Mapema mwaka huohuo yalikuwa yametokea machafuko kama hayo Sofia, Bulgaria. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata bili zote tatu zikilipwa, bado mtu anahitaji watu. Posho inanunua koti. Haimnunui mtu wa kukugongea mlango akuulize umeamkaje.

BILI YA NNE

Kuna bili nyingine, na hii nimeiona kwa macho yangu kwenye barua ninazopiga chapa. Ni bili ya nyumbani.

Mwanafunzi akishapaa tu, huku nyuma anahesabiwa tajiri. Si yuko mamtoni? Mama mdogo anaumwa, mwambie. Paa linavuja, mwambie. Mdogo wake kafukuzwa shule kwa karo, mwambie. Mwenyewe huko anakula tambi za maji moto mara mbili kwa siku, lakini atasemaje? Kijiji kilimchangia. Shilingi ile ya harambee haikuandikwa kama deni, ila kila aliyeitoa anaikumbuka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wa aliye mbali ni mwepesi zaidi, maana hata kanda lenyewe hulioni.

Sisemi tuache kuchanga. La hasha! Nasema tuchange tukijua tunachochangia. Niliwahi kuombwa niwe mwandishi wa kikao cha ukoo uliokuwa unampeleka binti yao kusoma uuguzi nje. Kikao cha kwanza watu walijaa mpaka barazani, na nauli ikapatikana siku ileile. Kikao cha tatu, cha kujadili kodi ya chumba chake, tulikuwa sita pamoja na mimi niliyekuwa nalipwa soda. Yule binti alimaliza, namshukuru Mungu, lakini alimaliza kwa kulala zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na alfajiri kukimbilia darasani.

LEO

Mambo yamebadilika kwa sura. Siku hizi bili ya tatu imegeuka kuwa mlinzi wa geti. Uingereza humtaka mwombaji wa viza aonyeshe fedha za kujikimu zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Ujerumani hutaka zifungiwe katika akaunti maalumu ambayo mwanafunzi huchota kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 2024 kiasi kilichotakiwa kilipanda kuwa euro 11,904 kwa mwaka. Marekani, kabla chuo hakijatoa karatasi ya viza, lazima kione ushahidi kwamba mwaka wa kwanza umelipika. Zamani ungeweza kufika kwanza ukatafuta jembe baadaye. Sasa unaulizwa jembe ukiwa bado kwenu.

Na kazi zenyewe zina kipimo. Marekani na Uingereza, mwanafunzi wa shahada hazidishi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na Marekani kwa kawaida ni ndani ya chuo. Nasema haya kwa sababu wapo wanaowadanganya vijana kwamba ukifika tu utajilipia mwenyewe kwa kubeba maboksi. Kijana mmoja mteja wetu alichukuliwa fedha na wakala aliyemwahidi ufadhili kamili. Barua ilipokuja ilisema punguzo la robo ya karo. Wakala simu hapokei. Kijana akabaki na barua nzuri yenye muhuri, na baba yake na deni.

Basi, kwa wewe unayejaza fomu, haya ndiyo niliyojifunza kwa kusoma hao wa 1959 na hawa wa leo. Ukiambiwa ufadhili, uliza bili ngapi kati ya tatu. Uliza kama posho inalipwa na miezi ya likizo. Uliza bima ya matibabu inalipwa na nani. Uliza tiketi ya kurudi. Uliza chuo kama kina mfuko wa dharura, na masharti yake, kwa kuwa vingine humtaka mwombaji athibitishe kwamba alianza na fedha za kutosha ndipo likampata la kumpata. Tafuta Mtanzania mmoja aliyeko mji huo kabla hujapaa, hata kama humjui. Na ukifika, jiandikishe ubalozini.

Hilo la mwisho usilione dogo. Februari 2022 vita vilipoingia Ukraine, huko kulikuwa na maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika, Watanzania wakiwemo, wengi wao wa udaktari. Wapo waliozuiwa mipakani, wakasukumwa nyuma ya foleni kwa rangi yao, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko tarehe 28 mwezi huo kulaani. Karo walikuwa wamelipa. Kodi walikuwa wamelipa. Siku ile kilichohesabika ni namba ya simu ya mtu upande wa pili wa mpaka, mwenye chai na blanketi.

Na kwako wewe mwandishi mwenzangu unayetafuta hadithi, neno moja. Sisi hupenda kuandika uwanja wa ndege: machozi, sanduku, mkono wa kwaheri. Magazeti nayo hupenda hapohapo. Ndiyo maana wale 81 tunawajua wakiwa kwenye ngazi za ndege, nadhifu katika suti zao, na baada ya hapo tunawakuta tena wakiwa mawaziri na maprofesa. Katikati kuna miaka minne ya kuosha sahani, ya likizo katika nyumba za watu, ya barua za nyumbani zinazoomba. Wazee walioiishi miaka hiyo, wa njia ya New York na wa njia ya Kairo, wanazidi kupungua. Ukikutana na mmoja, mbebee mfuko wake, kisha kaa naye. Usimuulize alisoma nini. Muulize majira ya baridi ya kwanza alivaa nini, na nani alimpa.